Pale Haki Inapogharimu: Haki za Binadamu katika Sera ya Nje ya Tanzania

Hii ni hotuba nzima kama ilivyotolewa mbele ya mkutano wa vijana na wazee. Imewekwa hapa kwa ajili ya wote waliotaka kuja wakashindwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa hadi mlangoni: shikamooni wazee, na vijana hamjambo.

Mada niliyopewa ni ndefu, lakini ndani yake kuna maswali machache tu. Haki za binadamu ziliingiaje katika sera ya nje ya nchi yetu? Zilipita mlango gani? Na zilipoingia, zilitugharimu nini?

Hilo la gharama ndilo lililonileta hapa. Hakuna serikali duniani isiyo na maandishi yanayosema inaheshimu utu wa mtu. Maandishi kila mtu anayo. Lakini ipo siku ambapo kusimama na haki kunakukosesha mkopo. Ipo siku ambapo kunakukosesha rafiki. Ipo siku ambapo kunakuletea vita mlangoni. Siku hiyo ndipo majirani wanapojua kama haki imo katika sera yako au imo katika hotuba zako. Kwa hiyo katika kila tukio nitakalolitaja leo nitauliza jambo moja: tulilipa nini?

Tuanze kabla hatujawa nchi. Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alisema maneno ambayo wengi wenu mliyakariri shuleni: kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo pale penye chuki, na heshima pale palipojaa dharau. Tumeyazoea mno maneno haya, hata hatuyasikii tena. Hebu yasikieni upya. Mtu huyu hakuwa na jeshi. Hakuwa na ubalozi hata mmoja. Mipaka aliyoitaja ilikuwa bado chini ya bendera ya Uingereza. Na tayari alikuwa anazungumzia walio nje ya mipaka hiyo!

Nayo ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa ipi? Wazee wanaijua: binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja. Chama kiliweka jambo hilo mbele, kabla ya kodi na kabla ya pamba. Kwa hiyo anayewaambia kwamba haki za binadamu zililetwa kwetu na wafadhili katika miaka ya 1990, pamoja na masharti ya mikopo, mwambieni asome tena.

Nakubali kwamba hadi hapo yalikuwa maneno, na maneno hayagharimu. Gharama ilianza kuonekana Machi 1961.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 21 Machi 1960, polisi wa Afrika Kusini waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakipinga sheria za pasi, zilizomlazimu Mwafrika kutembea na kitambulisho, huko Sharpeville. Watu 69 walikufa. Kisha serikali ya Makaburu ikaamua nchi iwe jamhuri, na kwa taratibu za wakati ule ilibidi iombe upya kubaki katika Jumuiya ya Madola. Wakuu wa nchi wakakutana London kulizungumza. Tanganyika haikualikwa mezani, kwa kuwa ilikuwa bado haijapata uhuru. Mwalimu akaandika makala katika gazeti la The Observer la huko huko London. Ujumbe wake ulikuwa mkavu: kuipigia kura Afrika Kusini iingie ni kutupigia kura sisi tutoke.

Fikirini hatari yake. Nchi maskini, inayosubiri uhuru, inayoitegemea Uingereza kwa fedha na wataalamu, inamwambia Mwingereza huyo huyo achague. Na kama angechagua upande wa pili? Tungeanza uhuru wetu nje ya Jumuiya, peke yetu. Siku chache baada ya makala ile Afrika Kusini iliondoa ombi lake. Sitawadanganya kwamba makala moja ndiyo iliyofanya kazi yote. India, Ghana, Malaya na Kanada nazo zilibana. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tumeweka kitu chetu juu ya meza kabla hata ya kuwa na meza.

Ukaja mwaka 1963. Tarehe 25 Mei, mjini Addis Ababa, nchi 32 zilianzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana mgogoro wote nitakaouzungumzia baadaye umezaliwa hapa. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Umoja ule ilibeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: hakuna kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. La pili: kujitolea kikamilifu kuzikomboa nchi za Afrika ambazo bado zinatawaliwa. Mnaona? Anayemtesa Mwafrika akiwa mkoloni au mlowezi, hilo ni jambo letu sote. Anayemtesa Mwafrika akiwa Mwafrika mwenzake mwenye ikulu, hilo ni jambo lake la ndani.

Kwa miaka kadhaa sisi tuliishi vizuri na mambo hayo mawili, kwa sababu adui alikuwa wazi. Makao ya Kamati ya Ukombozi, chombo cha Umoja ule cha kuwasaidia wapigania uhuru, yaliwekwa Dar es Salaam. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeundwa papo hapo Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa Kongwa, baadaye Mazimbu. Wa Msumbiji walikuwa Nachingwea na Bagamoyo. Vijiji vyetu vya mpakani huko kusini vilionja mabomu ya Wareno. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969. Hizo zote ni gharama, na wananchi wa kawaida wa Mtwara na Ruvuma walizilipa kuliko mtu yeyote aliyekaa mjini.

Lakini tukio ninalotaka kukaa nalo ni la Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa koloni lile, na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao peke yao, uhuru wa wachache juu ya migongo ya wengi. Uingereza, iliyokuwa na dhamana ya kisheria juu ya koloni lile, ilisema haitatumia nguvu. Mapema Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa na kuamua: ikiwa Uingereza haitakuwa imeuzima uasi ule ifikapo tarehe 15 Desemba, nchi zote wanachama zivunje nayo uhusiano wa kibalozi.

Azimio likapitishwa. Watu wakarudi makwao. Mnajua kilichofuata?

Siku zikaanza kuhesabika. Nchi moja ikagundua kwamba ina biashara kubwa na London. Nyingine ikagundua kwamba wanafunzi wake wako huko. Tarehe 14 Desemba Mwalimu alisimama Bungeni akauliza, kwa kirefu, heshima ya Afrika itabaki wapi ikiwa tunaazimia kitu kisha hatukitendi. Kesho yake Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza. Katika wanachama wote wa Umoja ule, waliotekeleza azimio lao wenyewe hawakuzidi kumi.

Tulilipa nini? Ulikuwepo mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5, uliokuwa karibu kabisa kusainiwa. Ukazuiwa. Vijana, pauni milioni saba na nusu mwaka 1965, kwa nchi ya umri wa miaka minne, haikuwa fedha ya kuchezea. Zilikuwa barabara, zilikuwa shule, zilikuwa zahanati. Uhusiano haukurudi mpaka mwaka 1968.

Wapo wanaosema ilikuwa hasara tupu, kwa kuwa Smith hakuanguka na Uingereza haikutikisika. Nimeipima hoja hiyo miaka mingi na siikubali. Zimbabwe ilipata uhuru 1980, na katika safari ile yote hakuna mpigania uhuru aliyewahi kujiuliza kama neno la Dar es Salaam linaaminika. Imani hiyo haikuombwa kwa mtu. Ilinunuliwa Desemba 1965, na bei yake mmeisikia.

Reli ya TAZARA nitaipita haraka, maana inajulikana: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa Wachina usio na riba, ili shaba ya Zambia isilazimike kupita mikononi mwa walowezi. Ile nayo ilikuwa sera ya nje ya haki, iliyofungwa kwa chuma na mataruma.

Aprili 1969 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na Kati walikutana Lusaka wakatoa Ilani ya Lusaka, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mwalimu na Rais Kaunda wa Zambia. Vijana, itafuteni muisome. Inasema tungependelea kuzungumza kuliko kuua. Inasema watu wote walioifanya Kusini mwa Afrika kuwa kwao ni Waafrika, iwe rangi yao nyeupe au nyeusi. Halafu inasema jambo ambalo serikali chache duniani zimewahi kuliandika: kwamba hakuna kati yetu anayedai kuwa amekwisha kujenga nyumbani kwake jamii iliyokamilika. Shikeni hapo. Nitarudi kwenye ungamo hilo, kwa sababu lilikuwa na deni ndani yake.

Sasa tuingie pagumu. Kumpinga Kaburu hakukuhitaji kumuudhi ndugu. Je, mkosaji akiwa ndugu?

Mtihani wa kwanza ulikuwa Biafra. Mwaka 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa Nigeria, na waliobaki wakakimbilia mashariki. Mei 1967 mashariki ikajitangaza nchi. Vita ikafuata, na njaa ikafuata vita. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na watu wasiolindwa na dola hiyo, wanaowindwa ndani yake, hawawezi kulazimishwa kuipenda. Zambia, Gabon na Ivory Coast zikafuata. Wengine wengi walitulaani: Tanzania, mhubiri wa umoja wa Afrika, inaunga mkono kuigawa nchi ya Afrika!

Mimi nina maoni yangu na nitayasema. Nadhani swali la Mwalimu lilikuwa sahihi, ila jibu lake lilikuwa na kasoro. Kuitambua Biafra hakukusimamisha njaa, na Januari 1970 Biafra ilikwisha. Lakini swali lilibaki limesimama katikati ya bara zima: ukuta wa mambo ya ndani unamlinda nani, raia au mtawala?

Jibu lilikuja kutoka jirani kabisa.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Uingereza ilimtambua Amin upesi. Nchi za Afrika zikamtambua moja moja. Tanzania ikakataa, na Obote akapewa hifadhi Dar es Salaam. Tulilipa nini? Tulilipa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwalimu hakukubali kuketi meza moja na Amin, na Mamlaka ya marais watatu, chombo cha juu cha Jumuiya ile, hayakukutana tena. Jumuiya ilivunjika 1977. Zilikuwepo sababu nyingine, mgawanyo wa faida na tofauti ya itikadi kati yetu na Kenya, lakini kiti kile kilichokaa kitupu kilikuwa mojawapo.

Na sitaficha jambo hili: mwaka 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka kwetu kwenda kumshambulia Amin, wakashindwa vibaya. Haikuwa safi. Ilikuwa pia siasa, na urafiki wa watu wawili.

Mwaka huo huo wa 1972 Amin aliwapa Waganda wenye asili ya Asia na Waasia wengine siku 90 waondoke. Wengi barani walishangilia, au walinyamaza. Mwalimu alisema hadharani kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Kwani mtu anayeupinga ubaguzi Johannesburg anaweza kuubariki Kampala?

Julai 1975 ukafika wakati wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na zamu ilikuwa ya Kampala. Amin angekuwa mwenyekiti, msemaji wa Afrika nzima mbele ya dunia. Tanzania haikwenda. Zambia haikwenda. Botswana haikwenda. Na serikali yetu ikatoa taarifa ambayo naiona kuwa moja ya maandishi muhimu kabisa katika historia ya diplomasia yetu. Ilisema, kwa maana yake, kwamba Afrika inapiga kelele watu wakiuawa na wakoloni na wabaguzi, lakini inanyamaza Waafrika wakiuawa na Waafrika. Na kwamba kwa namna hiyo Umoja unageuka kuwa chama cha watawala cha kulindana.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapoiweka mimi siku ambayo haki za binadamu ziliingia kweli katika sera yetu ya nje. Siku ya mwenge tulitamani. Siku ya Rhodesia tulilipa, lakini tulilipa kwa ajili ya kumpinga mgeni. Julai 1975 tulimnyooshea kidole mmoja wetu, mbele ya wote, kwa yale anayowatendea watu wake mwenyewe ndani ya mipaka yake mwenyewe.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Amin. Bara likanyamaza tena. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, yakaua, yakapora, na yeye akatangaza kwamba ardhi ile ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa, na maneno yale hata wasiozaliwa wakati huo wanayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukataka kupatanisha, lakini haukutaka kulaani uvamizi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa vijana wetu na wapiganaji wa Uganda.

Gharama? Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama dola milioni 500. Wazee hapa mnakumbuka foleni za sabuni na sukari za miaka iliyofuata. Na kuna familia ambazo gharama yake haikadiriwi kwa dola.

Sasa, vijana, nawauliza. Tanzania ilieleza vita ile kwa hoja gani? Ilisema tunaokoa maisha ya Waganda? Hapana! Serikali yetu ilisema tunajilinda. Mwalimu alisema kuna vita viwili: vya Watanzania dhidi ya mvamizi, na vya Waganda dhidi ya dikteta wao. Kwa nini hakusema wazi kwamba Amin ni muuaji na wauaji lazima wazuiwe? Kwa sababu katika sheria ya Afrika ya wakati ule mlango huo haukuwepo. Kujilinda kulikuwa na mlango. Kumwokoa raia wa nchi nyingine hakukuwa nao.

Na hata hivyo tulishitakiwa. Julai 1979 wakuu wakakutana Monrovia. Jaafar Nimeiri wa Sudan, aliyekuwa anamaliza zamu ya uenyekiti, alitushutumu. Olusegun Obasanjo wa Nigeria alitushutumu. Aliyetutetea kwa nguvu alikuwa Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, mtu aliyetoka ndani ya nyumba iliyokuwa inaungua. Aliwaambia wakuu wenzake wasijifiche nyuma ya kanuni ya kutoingilia wakati haki za watu zinakanyagwa waziwazi.

Na mkutano ule ule uliotushutumu ndio uliopitisha azimio la kuwaita wataalamu waandike rasimu ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kikao kile kile! Jaji Kéba Mbaye wa Senegal aliongoza kazi ya uandishi, mawaziri wakaijadili Banjul, wakuu wakaupitisha Nairobi Juni 1981, na ukaanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986. Sisemi vita vyetu peke yake vilizaa Mkataba ule. Wanasheria wa Afrika walikuwa wakiudai tangu miaka ya 1960, na mwaka ule wa 1979 walianguka pia Bokassa wa Afrika ya Kati na Macías wa Guinea ya Ikweta, wote wauaji wa watu wao. Lakini aibu ya Uganda ilikaa katikati ya ukumbi ule, na kila mkuu aliiona. Mwaka 2000, mjini Lomé, Sheria Anzilishi ya Umoja wa Afrika iliandika katika Ibara ya 4(h) haki ya Umoja kuingilia kati pale panapotendeka uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ule mlango uliokosekana 1979 ukawa umekatwa ukutani.

Ningeweza kuishia hapo, mkapiga makofi, tukaenda nyumbani tumefurahi. Haingekuwa haki. Nilisema nitarudi kwenye ungamo la Lusaka.

Mwaka 1961, tulipokuwa tunazungumza uhuru, serikali ya TANU ilikataa kuweka orodha ya haki za raia ndani ya katiba. Hoja ilikuwa kwamba mahakama zingeitumia kuizuia serikali kuleta maendeleo. Mwaka 1962 ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, kwa amri ya rais. Kwa hiyo katika miaka ile ile tuliyokuwa tunaililia Robben Island, kisiwa cha gereza la wafungwa wa siasa wa Afrika Kusini, tulikuwa na watu wetu wenyewe ndani bila hukumu.

Na wakati mwingine hayo mawili yalikutana. Mwaka 1976 ndani ya SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia, kilichokuwa na makambi yake Zambia, wanachama walianza kudai mkutano mkuu na kuhoji uongozi. Andreas Shipanga, mmoja wa viongozi, alikamatwa Zambia pamoja na wenzake. Mkewe akaenda mahakamani kudai mumewe aletwe mbele ya jaji. Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu. Kabla haijaamuliwa, wafungwa walipandishwa ndege wakaletwa wapi? Wakaletwa Tanzania. Kwa nini Tanzania? Kwa sababu hapa hakuna jaji ambaye angeweza kuwafikia. Walikaa magerezani kwetu hadi 1978.

Tafadhali msilipite jambo hili kwa haraka. Tuliogopwa na Makaburu kwa sababu ya haki, na tukachaguliwa na rafiki zetu kwa sababu ya kukosa haki. Zote mbili ni sisi. Najua majibu ya wakati ule: majasusi walikuwa wengi, umoja wa wapiganaji ulikuwa hatarini, vita haina adabu. Mengine ni kweli. Hayatoshi. Mtu aliyekaa ndani miaka miwili bila kuambiwa kosa lake hana faraja katika ukubwa wa mapambano.

Orodha ya haki iliingia katika Katiba yetu mwaka 1984, mwaka ule ule tulioridhia Mkataba wa Afrika, na ikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Utaona mpangilio wake: tulianza kudai haki kwa majirani, tukasaidia kuipeleka kwenye sheria ya bara, kisha sheria ya bara ikaja kutugongea mlango. Sera ya nje ilitangulia, katiba ikafuata.

Wakimbizi nao ni sura ya habari hiyo hiyo. Mkataba mwingine wa Afrika, ule wa wakimbizi wa mwaka 1969, ulisema kumpa mtu hifadhi ni tendo la kibinadamu, na kwamba nchi anakotoka isilihesabu kuwa uadui. Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yaliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wakapewa ardhi, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi, mwaka 1983. Lakini Machi 1995 tulifunga mpaka na Burundi, na Desemba 1996 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walirudishwa kwao, askari wakiwasindikiza barabarani. Tulikuwa tumechoka, na dunia ilikuwa imetuachia mzigo. Hayo nayo ni kweli, na bado walikuwa watu wanaoogopa.

Tangu sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001, lugha yetu kuu imekuwa diplomasia ya uchumi. Sina ugomvi na uchumi, maana nchi inahitaji masoko na wawekezaji. Ila nawauliza mabalozi wa kesho mlioko humu: soko na utu vikigongana, mtakuwa mmefundishwa kuchagua nini?

Nimalizie na Arusha, kwa kuwa hapo ndipo gharama ya leo ilipo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha. Bara zima lilituamini tuwe wenyeji wake. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijalifanya hadi leo. Juni 2013 Mahakama ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa iliyogusa kiini cha shauri. Ilikuwa dhidi ya nani? Dhidi yetu. Mchungaji Christopher Mtikila na mashirika mawili ya kisheria walishinda: kumzuia raia kugombea bila chama ni kuvunja Mkataba. Baada yake zikaja kesi nyingi, nyingi sana, za wafungwa wa Kitanzania waliosema hawakupata wakili, hawakusikilizwa ipasavyo. Novemba 2019 serikali yetu iliondoa lile tamko, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa raia. Rwanda ilikuwa imetangulia 2016. Benin na Ivory Coast zikafuata 2020.

Leo Mtanzania anayeishi Arusha anaweza kupita mbele ya Mahakama ile kila asubuhi na asiweze kuwasilisha shauri jipya dhidi ya serikali yake mwenyewe. Raia wa Ghana anaweza. Raia wa Malawi anaweza. Sisi wenyeji hatuwezi.

Mwaka 1965 tuliulizwa kama tuko tayari kupoteza pauni milioni saba na nusu. Mwaka 1978 tuliulizwa kama tuko tayari kupoteza vijana wetu. Safari hii tunaombwa kitu kidogo mno ukilinganisha: kukubali kuambiwa na majaji wa Afrika, walioketi katika ardhi yetu, kwamba hapa mmekosea. Mimi naiomba serikali yetu irudishe tamko lile. Nawaomba wanasheria mlioko humu mliandikie Bunge. Nawaomba vijana mkikutana na mgombea yeyote wa ubunge, wa chama chochote, mumuulize hilo kwa jina lake: tamko la Ibara ya 34(6) ya Itifaki ya Mahakama ya Afrika, utalirudisha au hutalirudisha?

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.